Bonde Lililoandikwa Patupu

…na huyu naye anachekacheka nini, mtu hakuchekei hivi hivi bila kutaka kitu, kidole cha Siasi kimesimama juu ya ramani, hakishuki, chai inapoa, na mpimaji huyu kutoka kusini anamsogezea biskuti, anambembeleza kama mbwa mgeni… "Mwanangu, anauliza, hapa pana kitu au hapana?" ni Miali, mkalimani, binti wa kaka yake, anamwita mwanangu shangazi mzima wa miaka sitini na tisa, na ndivyo inavyotakiwa, maana alizaliwa mwezi mmoja baada ya mama yake Siasi kufa, akapewa jina lake, na anayebeba jina la mama ni mama, lakini mama gani huyu aliyeajiriwa na wageni, mbona wananong'onezana kwa lugha yao, mbona wanacheka, wananicheka mimi?… "Hapana kitu," baba aliwajibu hivyo wapimaji wale wa kwanza, walioshuka na ndege juu ya barafu, Siasi mtoto anawamiminia chai, baba akamkonyeza, wageni wakaandika, wakaenda zao, nyumba nzima ikacheka hadi machozi, tumewaweza! bonde lile ndiko kulungu wa theluji wanakozalia, nani awaonyeshe watu wa mashine… na ndiko baadaye walikomlaza mama, chini ya mawe, ardhi imeganda haichimbiki… basi funga mdomo, Siasi, kunyamaza hakujatuponza… "Anasema barabara ya mgodi imechorwa hapa," Miali anasema, "kwa sababu ramani ya zamani imeandika patupu, eti hakuna wa kumsumbua." Patupu! nani kawaambia patupu, mwongo gani… baba, ni baba, na mimi niliyecheka, tangu asubuhi nimekaa namkagua huyu mzungu meno, kumbe mlango tuliuacha wazi sisi wenyewe, lakini nikisema watakuja, nisiposema watapita na matingatinga juu ya mama, ole wangu, nimwamini nani… "Mwanangu, unywe basi hiyo chai. Pana kitu?" na sauti ni ileile ya mama, ile iliyokuwa ikimwita aingie ndani, atoke kwenye baridi, anauliza mwenyewe, anauliza kama pale alipolala pana kitu, na mgeni bado anacheka, biskuti bado iko mezani, kidole bado kiko hewani… "Mama," Siasi anasema, "mwambie uko hapo wewe."