Jaketi Nyekundu Mezani kwa Vidosava

Siku ya mtakatifu wa nyumba, kwa Vidosava kama kwa Mserbia yeyote, haalikwi mtu wala hafukuzwi mtu. Mlango huachwa wazi, mshumaa unawaka, na anayeingia anakula. Mwaka huo siku yenyewe, ya Malaika Mikaeli, iliangukia katikati ya kampeni, na Vidosava ndiye aliyekuwa mtunza daftari la wapiga kura la mji. Sheria aliijua vizuri: mtumishi wa ofisi ile haonekani kwenye shughuli ya chama. Mji mzima ulikuwa ukibishana anampigia nani, na hakuna aliyewahi kujua. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari yake, kuliko hata sarma zake, nyama ndani ya kabichi, ambazo watu walizifuata kutoka mtaa wa pili.

Wageni wameshakaa, akaingia Tihomir, mgombea umeya. Ndiye baba wa ubatizo wa binti wa Vidosava, na huko ndugu wa ubatizo hupita ndugu wa tumbo. Nyuma yake vijana wa chama, jaketi nyekundu, jina lake mgongoni kubwa kama bango la sinema.

"Heri ya sikukuu, dada Vido! Tumefuata harufu!"

"Karibu, Tiho. Na hii kwaya?"

"Wote wanangu hawa!"

"Mkeo anajua?"

Meza ikaangua kicheko. Hapo ndipo alipopaswa kusema: vueni jaketi, tundikeni ukumbini, ndipo mle. Maneno yalimfika kooni. Lakini kumwambia hivyo ndugu wa ubatizo, mbele ya watu, mbele ya mshumaa? Aliona haya. Akayameza, akawamiminia rakija, pombe kali ya matunda.

Ukafika wakati wa kuzungusha mkate wa mtakatifu na kuukata, mwenye nyumba na mgeni pamoja, kama ilivyo desturi. Tiho akaushika upande wa pili, akaubusu. Kijana mmoja akatoa simu.

Asubuhi picha ilikuwa kwenye ukurasa wa chama: mtunza daftari na mgombea wameinamia mkate mmoja, na jaketi nyekundu zimewazunguka.

Kamati ya maadili ikamwita. Mwenyekiti alikuwa mzee Gradimir.

"Sikumwalika," alisema Vidosava.

"Nani hualikwa, Vido? Hata mimi nilikuwepo. Nilikula mpaka nikalegeza mkanda."

"Basi kosa langu nini?"

"Mimi nilivaa koti la marehemu baba. Halikuwa na jina la mgombea." Mzee akashusha sauti. "Ungewaambia wavue tu, mama. Tungecheka, tukaendelea kula."

Hilo lilimchoma kuliko adhabu. Wakamhamishia dawati la vyeti vya vifo. "Angalau huku wateja hawana chama," aliwaambia wenzake, wakacheka, yeye akageukia dirishani.

Siku ya uchaguzi alipanga foleni kama wengine. Akazungushia duara namba ya wapinzani wa Tiho, kama alivyokusudia hata kabla ya sikukuu: alimpenda Tiho, lakini mji asingempa.

Tiho akashinda. Sokoni watu wakamshika mkono Vidosava.

"Hongera, mama! Mtu wako kapita!"

"Tulijua tangu zamani uko naye," akasema muuza vitunguu, akikonyeza. "Ulituficha, lakini tulijua."

Angesema nini? Ukweli ungemuumiza Tiho bure, na pale sokoni hapakuwa na hata mmoja ambaye angeuamini.

"Asante," akasema, akaendelea kuchagua vitunguu.