Barua za Kusomewa

Huu ulikuwa mwaka wa nne mfuma masweta anasomewa barua pepe za bintiye aliyekuwa akifanya kazi ng'ambo. Msomaji alikuwa kaka yake, fundi redio. Kila Jumamosi alifungua simu, akakohoa, akasoma. Alisoma vizuri, ila hapakukosa mahali pa kumeza mate na kuruka. Dada mtu alikuwa haoni, lakini masikio yake yalikuwa mazima. Alijua anafichwa jambo, na lilimuuma kuliko alivyokubali kusema.

Basi aliponunua kompyuta kuukuu alikuwa na nia moja tu, asome mwenyewe. Mwalimu wake wa nukta nundu, maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole, alimpa flashi yenye Linux, mfumo wa kompyuta wa bure unaoweza kumsomea mtu kilichoko kwenye skrini, pamoja na maelekezo ya kuuweka. Fundi hakungoja maelekezo.

"Mdogo wangu, hii ni kazi yangu. Wewe fuma."

Akachomeka flashi, akakodolea macho skrini, akabofya saa nzima huku akijisifu. Alipomaliza, kompyuta iliwaka ikakaa kimya kama mgeni aliyenuna. Akapandisha sauti, akafungua spika, akazifunga. Wapi.

"Ulibonyeza S mwanzoni?" dada akauliza.

"S ya nini? Si nilikuwa naona kila kitu?"

"Ndiyo hapo. Mwalimu alisema ngoja mlio, bonyeza S, kisha Enta. Ukiiweka ikiwa inasema, itabaki inasema. Wewe umemwekea mtu mwenye macho." Akavuta kiti. "Nipishe."

"Haya, mwenye macho haambiwi tazama," fundi akanung'unika.

"Lakini kusikiliza anaambiwa."

Akawasha upya. Mlio ukalia, akabonyeza. Sauti kavu, kama ya mtu mwenye mafua, ikaanza kutaja lugha moja moja na namba zake. Akachagua, akajibu, akasonga mbele bila papara, vidole vikizoea vitufe kama vilivyozoea sindano. Ilipofika kwenye kufuta diski nzima, fundi alinyoosha mkono. Dada akaupiga kidogo, akasikiliza swali mara mbili, ndipo akakubali.

Alasiri kompyuta ilijizima, ikawaka, ikamwomba neno la siri kwa sauti. Fundi akacheka kwa furaha, kisha kicheko kikakatika.

"Barua tutaisoma pamoja," akasema.

"Nani na nani? Nenda kachemshe chai."

"Mdogo wangu, kuna mambo..."

"Najua yapo. Nenda."

Akavaa spika za masikioni, akaingia kwenye anwani yake ya barua pepe, ile ambayo kaka yake alikuwa akiifungua kwenye simu, akafungua barua mpya. Salamu, kazi, baridi ya huko. Kisha katikati:

"Mjomba, hapa usimsomee mama. Wamenipasua na jicho la pili, halijapona. Daktari hana matumaini tena. Mama atasema ni urithi wake, atajilaumu hadi kaburini."

Akayarudia maneno hayo mara tatu. Sauti ile yenye mafua haikumeza mate hata mara moja. Alilia, akamkasirikia kaka yake, akamhurumia pia, maana mzigo huo aliubeba peke yake kila Jumamosi. Kisha akajifuta uso kwa kanga na kuanza kuandika, herufi moja moja ikitajwa masikioni.

"Mwanangu, leo sijasomewa, nimesoma mwenyewe. Mjomba wako yuko jikoni. Niandikie yote, usiruke kitu. Kuandika bila kuona nitakufundisha mimi."