Harufu ya Senene

Asubuhi senene walipoanguka Izigo, kijiji kizima kilitoka na vikapu, na Ma Kokuberwa akafunga mlango. Jirani yake, mwanamke mwema asiyejua kumwacha mtu na huzuni yake, alimletea sahani iliyofunikwa kwa jani la mgomba. Senene walikuwa wamekwisha kunyonyolewa mabawa na miguu, wanangoja kikaango tu. Ma Kokuberwa alishukuru kama ipasavyo, akasubiri jirani apotee nyuma ya migomba, kisha akawafukia wote kwenye samadi. Akanawa mikono kwa majivu. Harufu haikutoka.

Wala haikuwa ya senene. Jikoni kwake kulikuwa na mafiga matatu na kuni za mibuni mikavu, basi. Lakini tangu mwaka jana harufu ile ya kitunguu kilichooza ilimfuata kisimani, ikamfuata kanisani, ikakaa naye hata kwenye kaburi la Elieth, kule kibanjani, chini ya migomba, ambako hakunuki kitu ila udongo.

Elieth alikuwa mwanawe wa pekee. Alipopata kazi ya ushonaji Bukoba mjini, alipanga chumba Ijuganyondo kwa Ta Mushumbusi, mzee wa kanisa, mtu wa suti na maneno laini. Ta Mushumbusi hakutaka kuuona mkaa kwenye nyumba zake, eti unachafua rangi. Aliweka mtungi mmoja mkubwa wa gesi uani, akapitisha mpira ukutani kutoka chumba hadi chumba, na barabarani akasimamisha kibao: VYUMBA VYA KISASA, GESI NDANI. Mpira wenyewe ulikuwa wa kumwagilia bustani. Ulipopasuka alituma mtu aufunge kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Halafu, kwa kuwa kiwanja kilikuwa bado na nafasi na tamaa haina breki, akajenga safu nyingine ya vyumba mbele ya madirisha ya safu ya kwanza, karibu kabisa, hata paka asingepita.

Msimu uliopita Ma Kokuberwa alimpelekea binti yake mfuko wa senene. Njia ilikuwa ndefu na jua lilikuwa kali. Alipoingia tu chumbani, Elieth alikunja pua.

"Mae, humu kuna harufu. Nimemwambia baba mwenye nyumba, anasema fundi atakuja."

Mama alinusa mfuko wake, uso ukamshuka kwa aibu. "Ni senene wangu, mwanangu. Wameharibika njiani."

Akatoka, akawatupa, akarudi akasema sasa pako safi. Elieth alicheka, akakubali. Nani atabishana na mama yake juu ya senene? Mama akarudi Izigo. Asubuhi iliyofuata Elieth aliwasha kiberiti apike chai.

Ta Mushumbusi alikuja kwenye matanga kwa gari, akapewa kiti kizuri kuliko vyote. Akatoa kijikapu cha kahawa za kutafuna, kahawa ya kupatana, na kumwelekezea Datius, shemeji wa Ma Kokuberwa, aliye mkubwa wa ukoo.

"Tumefiwa sote," alisema. "Mimi nimepoteza paa, ninyi mmepoteza mtoto."

"Mpira ule ulikuwa wako, Ta Mushumbusi." Ma Kokuberwa alisema hayo akiwa kwenye mkeka wa wanawake, na wanawake wakaacha kujipepea.

"Wangu, waitu mama, sikatai. Na kiberiti kilikuwa cha nani?" Aliuliza kwa upole, kama anayefundisha watoto wa kipaimara. "Nasikia wewe mwenyewe ulikuwamo mle. Harufu uliisikia. Ulisema nini, mama?"

Ma Kokuberwa alikwisha kujisema mwenyewe mbele ya waombolezaji, akijipiga kifua, na neno la msibani lina miguu. Lilikuwa limefika Ijuganyondo kabla udongo wa kaburi haujakauka.

"Hatulaumiani," Ta Mushumbusi akasema. "Tutafune."

Datius alikitazama kijikapu. Kahawa yake ya kila msimu ilinunuliwa na mdogo wa Ta Mushumbusi, na kila aliyeketi pale alilijua hilo. "Shemeji," akasema bila kuinua macho, "kahawa ya mtu aliyekuja kwa amani haikataliwi." Akachukua, akatafuna. Kijikapu kikazunguka wanaume, kikashuka mikekani, kikamfikia mama mfiwa. Alichukua punje moja. Ilikuwa chungu, naye aliitafuna.

Baadaye alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kule mjini. Mwenyekiti alimsikiliza vizuri, hata kiti akampa.

"Mlitafuna kahawa?"

"Tulitafuna."

"Sasa mama yangu, sheria ipo, lakini mimi nitaanzia wapi? Wakubwa wa ukoo wako wameshamaliza."

Mnyonge hana haki, husema watu, halafu wanakwenda zao kulala. Ma Kokuberwa hakulala. Na asubuhi hiyo ya senene, harufu ilipomshinda, alijifunga kitenge, akapanda gari la Bukoba bila kumuaga mtu.

Nyumba ilikuwa imepakwa rangi mpya, na kibao kilikuwa palepale. Mlango wa Elieth ulifunguliwa na msichana mwenye mtoto mgongoni. Aliitwa Judica. Alipomwona mtu mzima amesimama juani, alimkaribisha ndani kabla ya kumuuliza anamtafuta nani. Ma Kokuberwa aliingia. Safari hii harufu haikumfuata. Ilikuwa imetangulia.

"Humu kunanuka nini, mwanangu?"

Judica aliona aibu. "Unisamehe, Mae. Nimemwambia baba mwenye nyumba, anasema ni senene. Eti kila msimu chumba hiki hunuka hivyo. Hata mama wa mpangaji aliyetangulia, mtu mzima wa Izigo, alisema hivyohivyo kwa mdomo wake."

"Wewe umenunua senene?"

"Bado."

Ma Kokuberwa alikwenda dirishani, akasukuma. Dirisha lilifunguka upana wa kiganja, likagonga matofali. Nyuma yake alisikia Judica akitikisa kiberiti. Mgeni haondoki bila kunywa kitu. Aligeuka, akampokonya.

"Usiwashe. Hiyo ni gesi. Mimi ndiye yule mama. Mwanangu alifia humu."

Judica alimtazama, akautazama mpira unaotoka ukutani na kile kipande cha tyubu kilichoufunga. Machozi yalimlengalenga. Kutoka nje ilisikika sauti ya Ta Mushumbusi akimsifia mtu vyumba vyake.

"Mkaa amekataza, Mae," Judica alisema taratibu. "Kupika uani amekataza. Kodi amekwisha kula. Niende wapi?"

Mtoto mgongoni alianza kulia kwa njaa. Judica alimbembeleza, akimtikisatikisa, na kilio kikazidi. Mwishowe alinyoosha mkono.

"Mae," alisema, "nipe kiberiti."