Thamosi Kwapani

Siku ya tano baada ya kupasuliwa moyo, mwanangu Heber alikuja wodini na fomu za nyumba ya wazee. Akakaa kwenye kitanda changu na uso wa msibani.

"Mama, unakaa ghorofa ya pili na lifti hakuna. Daktari kasema usipoweza kuinuka na kupanda ngazi mwenyewe kufikia Ijumaa, huwezi kuishi peke yako."

"Ijumaa bado. Hizo karatasi kafunikie sufuria."

Maneno matupu hayo. Nilikuwa naogopa. Mfupa wa kifua ulikuwa umefungwa kwa waya, na kujisukuma kwa mikono ni marufuku. Lakini kila nikitaka kuinuka kitini, mikono inakimbilia pembeni mwa kiti yenyewe. Nimeshona nguo miaka arobaini. Mikono yangu haijui kukaa bure.

"Mikono, doña Élida!" anapiga kelele Yamandú, kijana wa mazoezi ya viungo. "Mara ya tisa hiyo!"

"Basi ikate!"

Alhamisi akaja na thamosi tupu na kibuyu cha yerba, yale majani makavu ya chai yetu. Thamosi akanibania kwapani, kibuyu akanishikisha, kama tunavyotembea sote hapa Montevideo tangu tupate akili.

"Kimejaa hicho. Ukimwaga, aibu yako."

"Nimwage yerba, mimi? Una wazimu."

Nikainama mbele, nikakaza mapaja, mara makalio yakaachana na kiti. Nimesimama! Mikono yote miwili ilikuwa na kazi yake, wala haikukumbuka kiti. Wodi nzima ikapiga makofi, nami nikalia bila haya.

Ijumaa niliinuka mara tano mbele ya daktari, halafu tukaenda kwenye ngazi. Safari hii mikono mitupu, Yamandú ubavuni, Heber nyuma yetu. Ghorofa ya kwanza nikapumzika. Ya pili nikafika jasho likinitiririka, moyo unadunda vizuri kabisa, na nilijisikia msichana. Daktari akaandika kwenye faili: aende nyumbani kwake.

Nikageuka kumtafuta mwanangu. Alikuwa bado katikati ya ngazi, mkono mmoja anajivuta kwa reli, mwingine anajipepea kwa zile fomu.

"Mikono, Heber!" nikampigia kelele. "Mikono!"