Vyura wa Juu ya Kilele

Saa tatu kamili asubuhi, mpima hewa alifungua kisanduku cheupe kilichosimama kileleni mwa mlima, akasoma kipimajoto, akaandika daftarini: nyuzi kumi na tisa. Mwaka alioajiriwa, saa hiyohiyo, alikuwa akiandika kumi na sita. Watu wa bondeni walimwita Bi Nyuzi, na wageni walidhani ni fundi cherehani.

Kazi yake ya pili ilikuwa kuhesabu vyura wenye tumbo la manjano, ambao hawakuishi popote ila kwenye mlima huo. Ngozi yao haikustahimili joto. Miaka ishirini na sita nyuma aliwakuta katikati ya mlima. Tangu hapo, huku chini msitu ukifyekwa na joto likipanda, nao walipanda, na miti waliyoizoea ikapanda nyuma yao, mche kwa mche. Sasa walikuwa wamebaki wawili tu, kando ya kisanduku chake, na mlima ulikuwa umekwisha. Mkuu wa ofisi alikwishamtumia fomu ya kutangaza kwamba wametoweka. Ilibaki sahihi yake.

Jumatatu hiyo chura mmoja aliruka kwenda juu, akatua hewani, usawa wa goti. Akapumzika kidogo, akaruka tena. Wa pili akamfuata. Bi Nyuzi alichukua futi kamba, akapima, akaandika: mita moja juu ya kilele, wawili, wazima.

Wiki iliyofuata nyasi zilishika pale walipokuwa wakitua, kisha miche. Mvua zilipokatika, msitu ulikuwa umefika mita mia moja na hamsini juu ya kilele, mizizi ikining'inia wazi na kudondosha maji. Ndege walihamia bila kukawia. Bi Nyuzi alivaa buti akapanda kuhesabu. Palimbeba vizuri, isipokuwa sehemu moja yenye utelezi. Alipomfikia chura wa mia tatu, kalamu iliishiwa wino, naye akakaa juu ya mzizi akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka.

Alimpigia simu mkuu wa ofisi.

"Fomu ya hesabu inaishia kileleni," mkuu alisema. "Huko juu hakuna nafasi ya kuandika."

"Niandike wapi sasa?"

"Gundisha karatasi."

Aligundisha karatasi. Ile fomu ya kutoweka aliirudisha bila sahihi.

Habari zilimfikia shemeji yake, mume wa mdogo wake, meneja wa kiwanda cha mbao bondeni. Alipanda na mafundi wanne wa misumeno, pamoja na mkewe, aliyetaka kumsalimia dada yake.

"Miti imenona hii, shemeji," meneja alisema, shingo kaiinua. "Ya nani?"

"Ya wenyewe."

"Mimi nina kibali cha kuvuna mlima mzima."

"Mlima unaishia hapo uliposimama."

Meneja alijaribu kukanyaga. Mguu ulipita hewani, kwa sababu ilikuwa hewa. Mafundi walileta ngazi, ikakosa pa kuegemea. Mmoja aliwasha msumeno akakata shina lililokuwa usawa wa kifua chake hadi petroli ikaisha, na shina likabaki vilevile. Wakakaa chini, wakafungua chakula chao.

Mke wa meneja alikuwa amevua viatu. Alikanyaga palepale mumewe aliposhindwa, na pakambeba.

"Unakwenda wapi?" mumewe aliuliza.

"Namsindikiza dada kazini."

Walipanda taratibu, wameshikana mikono. Walipofika juu kabisa, mdogo mtu alijifunga mtandio mabegani.

"Dada, baridi hii sijaisikia tangu niolewe."

Bi Nyuzi alitoa kipimajoto mfukoni, akasubiri kitulie.

"Kumi na nne," alisema, akaandika kwa herufi kubwa.

Kule chini meneja alikwisharudi kwenye miti ambayo kibali chake kiliifikia. Malori yalikuwa yakishuka na magogo, moja nyuma ya jingine, na moshi wa kiwanda ulikuwa mzito kama wa jana. Mdogo mtu aliutazama, akasema neno. Bi Nyuzi alimwomba arudie, kisha akamwomba tena, maana vyura walikuwa wengi mno, wote wanaimba, na hakusikia kitu.