Brashi za Mwalimu Ansbert

Kwa miaka sita Severa ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika darasani kwa Mwalimu Ansbert, ghorofani juu ya duka la vitenge, Kariakoo, na kwa miaka hiyo yote hakuna mwanafunzi aliyemzidi kwenye dramu; kila Jumatatu ndiye aliyemsaidia mwalimu darasa la watoto. Kisha akaja Anifa, muuza viatu wa Mchikichini, na mwalimu akaanza kutabasamu peke yake kila akimsikiliza.

"Huyu binti kazaliwa na mdundo," alisema siku moja.

Severa, aliyehenyeka miezi mingi kuupata mdundo huohuo, aliinama akajifanya anafunga kamba za viatu.

Mwalimu Ansbert alikuwa amepiga kila mahali: bendi za dansi Magomeni, kwaya za kanisani, taarabu za harusini, jazi kwenye mahoteli. Sasa kifundo cha mkono kilimuuma, na kwenye onyesho la jazi la Jumamosi mwanafunzi wake mmoja angekalia kiti chake. Ama Severa, ama Anifa.

"Severa, mwanangu, mwoneshe mwenzio brashi," alisema Jumanne. "Ijumaa nitawasikiliza wote wawili."

Brashi ni nyaya laini. Mtu hazichapi, anazipitisha juu ya ngozi ya ngoma bila kuilemea. Severa alilijua hilo vizuri.

"Kandamiza," akamwambia Anifa. "Kama unasugua sufuria iliyoungua."

"Mbona inakwaruza, dada?"

"Utazoea."

"Haya, fundi ni wewe. Mimi najua raba na sendozi tu," Anifa akacheka, akakandamiza. Akakandamiza siku tatu, mpaka viganja vikatoka malengelenge.

Ijumaa brashi zake zilitoa sauti ya ufagio kwenye sakafu ya saruji. Mwalimu akainua mkono.

"Nani kakuonesha hivyo?"

"Dada Severa." Anifa akamgeukia, uso usio na hila hata kidogo. "Nimekosea wapi, dada?"

Severa akainamia tena kamba za viatu.

"Hebu piga wewe," mwalimu akamwambia.

Angeweza kuharibu makusudi. Lakini kiti kilikuwa mbele yake, akakitaka. Brashi zikapita kama kiganja cha mama anayebembeleza mtoto alale. Chumba kizima kikasikia kwamba alijua tangu mwanzo.

"Kesho utapiga wewe," mwalimu alisema taratibu. "Huyu hawezi kuyaacha kwa siku moja uliyomfundisha."

Moyo wa Severa ukaruka.

"Ila darasa la watoto la Jumatatu namkabidhi Anifa. Nitamnyoosha mwenyewe kwanza."

"Mwalimu! Wale watoto ni wangu."

"Mpigaji nimempata, mwanangu. Wa kufundisha bado nilikuwa natafuta."

Jumamosi watu walisimama wakampigia makofi. Severa aliinama kushukuru, huku akihesabu siku: bado mbili ifike Jumatatu.

Jumatatu alipanda ngazi akiwa amejiandaa kuomba radhi. Kabla hajagonga, akawasikia watoto ndani wakipiga kelele za furaha: "Tena, dada Anifa! Tena!"

Sauti zote alizijua, kila moja na jina lake. Akageuka, akashuka.