Kikombe cha Buluu

Vumbi linaelea. Limeingia kwa tundu la msumari kwenye bati, pamoja na kijistari cha jua, na Maximilla amelala chali akilitazama. Chumba kizima ni giza, ila hapo tu. Linapanda, linashuka, halina pa kwenda. Naye hana.

Ni kijiji cha Makere, kiangazi, wakati barabara imegeuka unga mwekundu na baridi ya asubuhi inauma masikio. Tangu mavuno ya mahindi anakohoa. Wiki iliyopita zahanati ilimtajia jina la kikohozi chake, kifua kikuu, ikampa vidonge vya miezi sita, na tangu siku ile nyumba ikamtengea kikombe.

Kikombe cha buluu! Kina msumari wake nje ya mlango, na hakuna mwingine wa kukigusa. Mama mkwe wake, Niyomwungere, hukichemsha kama anayepika maharage, akakianika, akakitundika kwa ncha za vidole. Sahani vivyo hivyo, kijiko vivyo hivyo. Nadine, binti wa Maximilla mwenye miaka minne, aliwahi kukishika akala kofi la bibi yake. Lakini jua likizama, Nadine huyo huyo hulala chumba hiki hiki cha mama yake, nyuma ya pazia la kanga, maana nyumba ina vyumba viwili, na cha pili analala bibi na magunia ya mahindi.

Na dirisha? Lilikuwepo. Maximilla aliliziba mwenyewe kwa tofali na udongo, mwezi wa sita, ili vumbi la barabara lisimwingie mtoto kifuani. Alisawazisha udongo kwa kiganja, akajisifu. Alama ya kiganja bado iko pale.

Ewe mdudu usiyeonekana, una kiburi wewe! Hukubisha hodi. Uliingia na pumzi, siku asiyoijua Maximilla, kutoka kwa mtu asiyemjua. Mwili ukakushtukia, askari wake wakakuzunguka, wakakujengea ukuta humo kifuani, nawe ukalala miaka. Ukasubiri. Akazaa, akalima, akala mlo mmoja kwa siku, akakonda. Ukuta ukalegea, nawe ukatoka. Sasa wewe uko huru, na aliyebaki ndani ya ukuta ni yeye.

Vumbi linaelea.

Asubuhi alikuja Mwajabu, mhudumu wa afya wa kijiji, mwanamke asiyejua kunong'ona. Alisimama mlangoni, akakitazama kikombe, kisha akautazama ukuta.

"Mama Nadine, hicho kikombe mnakionea bure. Huyu mdudu anasafiri hewani. Unakohoa, anaelea, mwenzio anavuta. Nani kaziba hili dirisha?"

"Yoo, mwana wanje..." alianza Niyomwungere kumwita mwanangu kwa lugha ya kwao, akimwangalia mkwewe.

"Ni mimi," Maximilla akasema.

Mwajabu alitaka mtoto apimwe leo leo. Bibi akamshika Nadine mkono, wakaondoka wote watatu. Maximilla akabaki akihesabu kwa vidole. Miezi miwili! Miezi miwili alikuwa akimkinga mwanawe na vumbi, huku akimvutisha pumzi zake.

Akainuka, akachukua mchi. Pigo la kwanza lilimrudisha chini, akikohoa hadi machozi. La pili likaondoa ile alama ya kiganja. La tano, tofali likaangukia nje, kwenye migomba, na upepo wa milimani ukaingia bila adabu, ukapeperusha pazia. Akaketi chini akalia kwa sauti, maana hapakuwa na wa kumsikia.

Jua limeshainama anapowasikia wanarudi.

"Kifua chake kiko safi!" Mwajabu anapaza sauti tangu barabarani. "Ila atameza dawa za kinga. Na atalala kwa bibi mpaka niseme mimi."

Maximilla anasogea dirishani, akicheka. Mpaka niseme mimi. Basi bado yuko ndani, bado hawezi kumpakata.

Kisha mkono mdogo unapenya dirishani, umeshika kikombe cha buluu, maji yakimwagika. Nadine ameshakunywa, midomo yake inang'aa. Nyuma yake Niyomwungere anaona, na hainui mkono. Maximilla anafungua kinywa akemee, anakifunga. Anakizungusha kikombe mpaka pale ilipogusa midomo ya mwanawe, anakunywa hapo.

Juu ya kichwa chake vumbi la tofali linaelea, jekundu, jingi, katika jua la dirisha zima. Linazunguka kidogo chumbani, kisha linatoka.